Shajara ya mradi: miezi sita ya chakula cha bima kabla ya operesheni ya tumbo

Novemba, kuanza

Nimeamua kuandika kila mwezi huu mradi unavyokwenda kwa sababu nilitafuta sana mtu aliyepita njia hii huku anaishi Tanga na anakula vya Tanga sikumpata, maelezo mengi niliyoyakuta ni ya watu wa Marekani na vyakula vyao, na mimi nyumbani kwetu Chumbageni kinapikwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, sasa nikiambiwa niishi kwa vitu vya kwenye makopo nitaweza siku ngapi.

Hali yangu ya kuanzia ni hii. Kilo 118, urefu mita 1.62, daktari akapiga hesabu, unachukua urefu unauzidisha kwa wenyewe afu kilo unazigawa kwa jibu hilo, ikaja BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, karibu 45. Nina sukari aina ya pili natumia metformini, nina presha, na usiku nikilala pumzi inakatika mpaka mume wangu ananitingisha. Magoti ndo usiseme, ngazi za ofisini napanda nimeshika ukuta. Daktari bingwa wa Dar kaniona kasema nafaa kwa operesheni ile ya kupunguza mfuko wa chakula, wanatoa kama asilimia 80 ya mfuko kinabaki kijimrija, na ule upande wanaoutoa ndo unaotengeneza kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, kwa hiyo na njaa yenyewe inashuka. Kuna nyingine ya baipasi, hiyo wanaacha kifuko kidogo cha kama mililita 30 na kuunganisha utumbo upya, kasema tutaamua kipimo cha kamera kikitoka kwa sababu mtu mwenye kiungulia kikali baipasi inamfaa zaidi.

Kila ninayemwambia anauliza, ni lile puto la tumboni la hospitali ya Mloganzila? Hapana, puto linaingizwa na kamera kupitia mdomoni bila kukatwa na linatolewa baada ya miezi kadhaa. Hii ni operesheni kamili, kilichotolewa hakirudishwi.

Sasa njoo kwenye bima. Bima yetu ya kazini inalipia operesheni hii lakini kwa masharti, na barua yao nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Wanataka mahudhurio ya miezi sita mfululizo ya usimamizi wa chakula kwa daktari au afisa lishe anayetambulika, kila mwezi hudhurio lake, na kila hudhurio liwe na uzito, presha, chakula alichoshauriwa mgonjwa, mazoezi, na maendeleo yake tangu mara iliyopita. Ukiruka mwezi mmoja unaanza upya, yaani hata kama ulishafika wa tano. Juu ya hapo kuna ripoti ya mwanasaikolojia, kipimo cha kamera cha tumbo, kipimo cha usingizi, na uzito usipande. Daktari wa Dar na yeye kaongeza lake, anataka nishushe asilimia 5 kabla hajanigusa, kwangu hiyo ni kilo 5.9.

Nimeuliza hili sharti la miezi limetoka wapi, daktari akanielezea vizuri. Kule Marekani bima nyingi zina sharti kama hili, wengine miezi mitatu wengine sita. Mwaka 1991 taasisi yao ya taifa ya afya ilikaa na wataalamu wakasema operesheni ni ya mwenye BMI 40 na kuendelea, au 35 mwenye magonjwa yanayotokana na uzito, kipimo hicho kikatumika dunia nzima miaka na miaka. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hii, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, wakatoa mwongozo mpya, sasa BMI 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 anafikiriwa mwenye sukari au magonjwa ya namna hiyo. Na huko nyuma mwaka 2016 ASMBS walishaandika kwamba kulazimisha mgonjwa dayati ya miezi kwa ajili ya bima hakuna ushahidi unaoonyesha kunamsaidia, kunamchelewesha tu. Mimi nakubaliana nao kabisa. Mtu mwenye sukari na presha kumwambia subiri nusu mwaka ni jambo zito, hiyo nusu mwaka mwili unaendelea kuumia. Lakini kibali kinatolewa na bima, kwa hiyo nafanya, na nafanya kwa ukamilifu ili pasiwe na pa kunishikia.

Hudhurio la kwanza nimeenda. Afisa lishe ni mdada mtulivu sana, nilidhani atanipa ile karatasi ya vyakula iliyochapishwa nikaibandike ukutani, akasema, "Dada, kwanza niambie jana umekula nini, anzia ulipoamka, usifiche hata andazi."

Nikamwambia. Chai ya maziwa, vitumbua, saa nne chai tena na bajia, mchana wali wa nazi na mchuzi wa samaki na mbaazi, jioni chai, usiku ugali au chapati, na chai. Akaanza na chai, sikutegemea. Akahesabu vikombe vinne kila kimoja vijiko vitatu, kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4, hapo gramu 48 za sukari kabla hatujagusa chakula, na Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu mzima asizidi kama gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku nzima. Mwezi huu kanipa kazi tatu tu: chai bila sukari, kila mlo protini ianze kuliwa kabla ya wanga, na niandike kila ninachokula kwenye daftari. Nikashangaa hajanikataza wali. Akasema, "Wali tutaukuta mbele, kwanza tujuane."

Desemba

Kilo 116.3.

Chai bila sukari wiki ya kwanza ilikuwa mateso, sikudanganyi, kichwa kiliuma, afu polepole ulimi ukazoea, nikaanza kuweka mchaichai na tangawizi na iliki na sasa nikionja chai ya ofisini naona ni sharubati.

Mwezi huu ni wa nazi. Hili nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu kila ushauri wa kupungua unaopita mitaani unasema acha nazi, na mtu wa Tanga ukimwambia acha nazi umemwambia hama. Afisa lishe aliniuliza, nyumbani nazi mnaikamuaje? Nikamweleza, inakunwa kwenye mbuzi, inatiwa maji ya vuguvugu kidogo, inakamuliwa kwa chujio hilo ndo tui zito, afu machicha yanatiwa maji mara ya pili yanakamuliwa tui jepesi, mama anapikia na lile jepesi mpaka kitu kiive ndo anamalizia na zito juu. Akasema basi hapo hapo. Sufuria ipikwe na tui jepesi, mchuzi wako uchotwe kabla lile zito halijaingia, wengine watiliwe lao. Mililita 100 za tui zito zinaweza kuwa na kalori kama 200 na karibu zote ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4, kwa hiyo kikombe kimoja cha tui zito ndani ya mchuzi ni mlo mzima umejificha.

Mama yangu alinuna siku ya kwanza. Alisema mchuzi wa tui la pili ni mchuzi wa mgonjwa. Lakini ndo mimi naumwa mama, nikamwambia. Kesho yake mwenyewe akaanza kubuni, akatia nyanya nyingi na ndimu na pilipili ya kuchoma na kitunguu saumu, akaacha changu aive pole pole mpaka mchuzi ukashika, na hakuna aliyenuna tena mezani. Sasa anachota wangu kwenye kibakuli cha bluu kabla hajamwaga zito na hakuna hata haja ya kumkumbusha.

Mafuta ya kupikia na yenyewe tunapima. Zamani ni kumimina kwa macho, siku hizi kijiko cha chakula, kimoja kina kalori kama 120. Kwa sufuria ya watu sita tunatia viwili.

Maembe yamejaa soko la Mgandini na ni mwezi wangu mgumu kwa hilo, naruhusiwa nusu embe baada ya chakula, halafu nalimenya natafuna, kusaga juisi hakuna ruhusa kwa sababu juisi unakunywa maembe matatu hujui.

Januari

Kilo 115.1. Mwezi huu habari kubwa ni karatasi.

Nilipiga simu bima kuuliza tu kama wanapokea taarifa zangu maana kliniki inasema inatuma kila mwezi. Dada wa simu akaangalia akasema hudhurio la mwezi wa 12 halijakamilika. Nikamuuliza halijakamilikaje na mimi nilienda? Akasema fomu ina uzito na saini tu, sehemu ya ushauri wa chakula na mazoezi ni tupu, kwa hiyo kwa upande wao halihesabiki na mfululizo umekatika.

Nilikaa kwenye kiti cha ofisi nikahisi miguu imekufa ganzi. Miezi miwili ya kazi kuambiwa haipo kwa sababu mtu hakuandika mistari miwili!

Kilichonisaidia ni hiki, naomba mwenye kusoma akishike. Lile daftari la chakula nilikuwa nalo, na kila hudhurio nilikuwa nikitoka naandika humo tarehe, kilo, presha, na alichoniambia afisa lishe. Nikaenda nalo kliniki. Na wao kwenye rejesta yao ya ndani maelezo yalikuwepo, ila aliyejaza fomu ya bima hakuyahamisha. Daktari mwenyewe akaandika maelezo ya nyongeza, akataja tarehe ya hudhurio na tarehe anayoandika leo, akaweka saini na muhuri, akaambatanisha kopi ya ukurasa wa rejesta. Nikatuma kwa imeili na kopi nikaipeleka kwa afisa rasilimali watu wa kazini apitishe na yeye. Baada ya wiki wakakubali, na nikaomba wanijibu kwa maandishi, siyo simu, wakajibu.

Toka siku hiyo utaratibu ni huu, sinyanyuki kwenye kiti cha kliniki mpaka fomu nimeisoma yote. Uzito upo? Presha ipo? Chakula alichonishauri kimeandikwa kwa maneno, siyo "ameshauriwa" peke yake? Mazoezi? Jina, saini, muhuri, tarehe? Napiga picha na simu hapo hapo mbele yake na hajawahi kukasirika, ameanza na yeye kunisubiri nimalize. Bima hawakuoni unavyojinyima, wao wanaona faili. Mtu anaweza kushusha kilo kumi akakataliwa na mwingine akashusha tatu akapita kwa sababu mahudhurio yake yameandikwa vizuri.

Mazoezi nimeanza baiskeli. Kutembea magoti yalikuwa hayakubali, na baiskeli uzito unabebwa na kiti, na Tanga mji wetu tambarare na kila nyumba ina baiskeli sijui kwa nini sikuifikiria tangu zamani. Asubuhi baada ya swala natoka Chumbageni naenda na barabara ya baharini kupita Bombo mpaka Raskazone narudi, upepo wa kaskazi kwenda unakupiga usoni kurudi unakusukuma.

Februari

Kilo 113.8.

Kuna swali nimeulizwa na dada mmoja wa kazini ambaye na yeye anafikiria kuanza, BMI yake iko 40 na nukta kidogo. Anaogopa akipungua vizuri atashuka chini ya 40 bima waseme hafai tena, kwa hiyo eti ni bora asipungue. Hofu hiyo ina mantiki na nimeona hata wagonjwa wa kule Marekani wanaihangaikia. Nilimwambia asikisie, aandike barua aulize uzito unaohesabika ni upi. Mimi kwenye barua yangu wameandika ni uzito wa hudhurio la kwanza. Na pia akumbuke kuna lile sharti la 35 pamoja na ugonjwa, yeye ana presha, ithibitishwe kwenye faili na daktari mapema.

Wali nao umefika zamu. Kipimo chetu ni upawa, upawa mmoja wa wali uliosawazishwa, nusu ya sahani mboga, mchicha au matembele au bamia, robo samaki au kuku au maharage. Nakula samaki kwanza, mboga, wali mwisho, na mara nyingi wali unabaki. Afisa lishe anataka nifike gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku kwa sababu ndo kiwango nitakachotakiwa baada ya operesheni. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa au mtindi kama 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa ni 20 na zaidi. Kwa hiyo mayai mawili asubuhi, mtindi usio na sukari saa nne, samaki mchana na usiku, hapo umefika bila kununua poda yoyote ya dukani.

Kingine tunachofanyia mazoezi ni kula taratibu. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, tonge dogo, utafune mpaka lilainike kabisa, na maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa. Baada ya operesheni kifuko ni kidogo, ukila haraka unatapika, ukinywa pamoja na chakula nafasi inajaa maji. Sisi tumelelewa tukimaliza kula kopo la maji liko pembeni, hili limenichukua muda kuliko sukari.

Kulikuwa na harusi ya mtoto wa baba mkubwa huko Ngamiani, pilau la kwenye sinia. Shangazi akaniona nachagua nyama na kachumbari.

"Mwanangu, shughuli yetu huili? Au unaumwa?"

"Shikamoo shangazi. Nakula, najiandaa na operesheni, daktari kanipangia."

"Marahaba. Operesheni ya nini tena na Mungu kakupa mwili wako mzuri?"

Nikamwambia shangazi, huu mwili mzuri usiku unanikaba roho. Akanyamaza, akanishika mkono akanivutia karibu yake, afu yeye mwenyewe akawa ananitolea mapande ya nyama kwenye sinia anayasukuma upande wangu. Wapo wengine walisema kule uani kwamba nakwenda kukatwa kwa uvivu wa kujinyima. Mimi nimejinyima tangu niko sekondari. Mtu akipungua kwa dayati peke yake mwili unapandisha homoni za njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, unadai kilo zake zirudi, hilo limeshapimwa na wataalamu muda mrefu, na ndo maana operesheni inafanya kazi pale ambapo nia peke yake haikutosha.

Machi, Ramadhani

Kilo 113.6, yaani imekaa pale pale, na afisa lishe kafurahi. Kasema watu wengi Ramadhani wanapanda.

Kabla mwezi haujaanza nilikaa na daktari kuhusu dawa, mwenye sukari asijiamulie mwenyewe kufunga. Metformini akaigawa futari na daku, akaniambia nipime sukari mchana na ikishuka chini ya 3.9 nifungue hapo hapo, na kupima kwa kutoboa kidole hakufunguzi. Nilipima kila siku, haikushuka.

Sasa futari ya Tanga. Muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, maboga, tambi za sukari, kachori, sambusa, na uji wa pilipili manga juu. Yote wanga na yote mezani kwa wakati mmoja. Tulivyopanga: nafungua kwa kokwa moja ya tende na maji, naswali magharibi, narudi na supu ya samaki au pweza, afu naweka sahani, kipande kimoja cha muhogo au cha gimbi, nachagua kimoja leo kingine kesho, na mchuzi wa kunde au samaki wa kuchoma na kachumbari. Tambi nimeziacha kabisa. Sambusa moja Ijumaa. Baada ya tarawehe mtindi. Daku mayai na mboga na ugali kidogo wa dona, unakaa tumboni kuliko wali.

Kunywa maji ndo kulikuwa kugumu kuliko kula. Kati ya futari na daku nilikuwa natembea na chupa.

Hudhurio la mwezi huu nililiwahisha wiki ya mwanzo wa mwezi kwa makusudi, sikutaka Idi inikute sijaenda na kliniki imefungwa, mfululizo ukatike kwa sikukuu. Mwenye mradi kama huu aangalie kalenda, sikukuu, likizo ya daktari, safari za kazi, aweke hudhurio mbele yake.

Idi yenyewe nilikula biriani, upawa mmoja, na nikafurahi na wanangu.

Aprili

Kilo 111.7. Asilimia 5 ya daktari imepita! Ni 5.3. Mama alipiga vigelegele jikoni.

Hudhurio la sita limekamilika na fomu nimeisoma mara mbili.

Kusi imeanza, bahari imechafuka na mvua za masika, samaki pale Deep Sea wamepungua na bei imepanda, kibua niliyekuwa nanunua fungu sasa naangalia napita. Tumehamia dagaa, mayai, maharage na kunde. Dagaa wakavu mama anawaloweka maji ya moto, anawakaanga na kijiko kimoja cha mafuta na nyanya na ndimu, protini ya uhakika na kalsiamu kwa sababu unatafuna mpaka mifupa. Nataja hili kwa sababu nimesikia watu wanasema dayati ni ya wenye pesa.

Mwanasaikolojia nilimwona Dar nilipokwenda kwa vipimo. Niliingia na wasiwasi nadhani atanitafuta kichaa, kumbe mazungumzo ya kawaida tu, nakula nikiwa na huzuni au la, nyumbani nani atanisaidia, natumia pombe au la kwa sababu baada ya operesheni pombe inapanda haraka kichwani na wengine wanazama humo, naelewa kwamba vitamini ni za maisha yote au nadhani ni za mwezi. Na uzazi, natakiwa nisishike mimba mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu baada ya operesheni, hilo nililiongea na mume wangu tumeshapanga.

Kamera ya tumbo ilionyesha bakteria wa vidonda vya tumbo, wale H. pylori, nikapewa dozi ya wiki mbili nimemaliza, kipimo cha kurudia safi. Kiungulia sina, kwa hiyo ni ile ya kupunguza mfuko, siyo baipasi. Kipimo cha usingizi kimethibitisha pumzi inakatika, nimepewa mashine ya kusukuma hewa niivae usiku mpaka siku ya operesheni na niende nayo hospitali. Damu imeonyesha madini ya chuma kidogo na vitamini D iko chini, naanza kurekebisha sasa hivi, maana baada ya operesheni inakuwa ngumu zaidi kupandisha.

Mei

Faili limekwenda bima. Nimelipanga kwa mtiririko wa barua yao yenyewe, sharti la kwanza ukurasa wa kwanza, mahudhurio sita kwa tarehe, ile barua ya nyongeza ya Desemba pamoja na jibu lao la kukubali, rejesta, grafu ya kilo, mwanasaikolojia, kamera, usingizi, barua ya daktari bingwa. Kopi moja ninayo, moja iko kazini.

Wamejibu kwanza wakaomba historia ya uzito ya miaka ya nyuma. Nilikuwa na kadi za kliniki za uzazi na faili la sukari la zamani, kilo zimeandikwa humo, nikapiga picha nikatuma siku hiyo hiyo. Kadi za zamani msizichome.

Kibali kimetoka jana. Nimesoma namba ya kibali na tarehe ya kuisha muda wake, ni siku 90, nikampigia daktari wa Dar saa hiyo hiyo tukapata tarehe ndani yake.

Kuanzia Jumatatu naingia ile dayati ya ini, wiki mbili, kalori kama 800 mpaka 1000 kwa siku, wanga na mafuta chini kabisa, protini juu. Hii siyo ya bima, hii ni ya daktari na sababu yake iko wazi. Ini lina sehemu inakaa juu ya mfuko wa chakula, inabidi waliinue ndo wafike, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa ini linakuwa limejaa mafuta, zito na rahisi kutoka damu. Wiki mbili za wanga kidogo linatoa akiba yake ya sukari pamoja na maji yake linasinyaa. Akikuta bado kubwa anaweza kuahirisha. Kwa hiyo wali, ugali, muhogo, chapati, matunda ya sukari nyingi vyote pembeni, nitakuwa na mtindi, mayai, samaki wa kuchemsha, supu, mchicha, tango, na maji. Dawa za sukari na presha daktari kashazipunguza kwa kipindi hicho na kipimo cha kidole mara mbili kwa siku.

Mume wangu kachukua likizo. Tunapanda basi Kange siku mbili kabla, tutafikia kwa dada yangu Tabata, na dada kashanunua kijiko cha mtoto na vikombe vidogo vya dawa kwa ajili ya zile siku za vimiminika. Nikirudi Tanga nitaandika wiki za supu zinakwendaje.